Spika na amplifaya za mtumba: Ijue nyumba vilikotoka kabla ya kuvusha mpaka

Vyombo vya muziki vilivyotumika ni mzigo unaoonekana karibu kila siku katika mabasi na malori yanayovuka mipaka ya Afrika Mashariki. Amplifaya, spika, deki za kaseti, miksa na redio hununuliwa Kariakoo jijini Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kisha husafirishwa kupitia Namanga, Busia, Malaba, Mutukula au Rusumo hadi Kampala, Kigali, Bujumbura na miji ya mashariki mwa Kongo.

Tatizo la biashara hii linafahamika. Mfanyabiashara anafika dukani, chombo kinawashwa, sauti inatoka kwa dakika mbili, analipa. Siku ya nne mnunuzi wake wa Bujumbura anapiga simu kusema upande mmoja hausikiki na mwingine unakwaruza. Muuzaji wa kwanza anasema aliuza kitu kizima. Mwenye gari anasema alipakia kama alivyokabidhiwa. Mnunuzi anagoma kulipa. Wakati huo nauli imeshatumika, ushuru umeshalipwa, na kuurudisha mzigo ni kulipa mara ya pili. Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, safari moja ya namna hiyo inatosha kumfungia duka.

Makala hii inaeleza njia ambayo mafundi na wanunuzi wazoefu huitumia: kuangalia kwanza chombo kilikuwa kinaishi wapi. Njia hiyo haichukui nafasi ya kupima kwa mita, lakini inakuonyesha ni wapi pa kupima na ni ugonjwa gani wa kuutafuta.

Kwa nini nyumba na siyo umri

Wanunuzi wengi huuliza swali moja tu: "Ina miaka mingapi?" Swali hilo ni zuri lakini halitoshi. Chukua amplifaya mbili za kampuni moja na mwaka mmoja. Ya kwanza ilikaa sebuleni, juu ya rafu yenye hewa, ikawashwa jioni kwa taarifa ya habari na muziki wa taratibu. Ya pili ilikaa ndani ya kabati la baa, imebebana na nyingine juu yake, ikawashwa kila siku kuanzia saa kumi jioni hadi usiku wa manane. Umri wao ni mmoja lakini afya zao hazifanani hata kidogo.

Sababu kubwa ni joto. Ndani ya amplifaya kuna kapasita, vile vikopo vidogo vyenye majimaji ndani yake. Kanuni ambayo mafundi hutumia ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha ya kapasita hupungua kwa takribani nusu. Chombo kilichofungiwa mahali pasipo na hewa huzeeka haraka kuliko tarehe iliyoandikwa mgongoni mwake. Ukiongeza chumvi ya bahari, moshi, mafuta ya jikoni, panya na mende, utaona kwamba kila nyumba huacha alama yake.

Anza na nchi kilikotoka

Kabla ya kuuliza nyumba, tazama kibao kilicho nyuma ya chombo. Kinaeleza kiliundiwa umeme wa nchi gani.

Vyombo vya Uingereza hutumia volti 230 na hezi 50, hivyo vinaingia kwetu bila shida, kwani nchi zetu hutumia kati ya volti 220 na 240 kwa hezi 50. Vyombo vya Japan ni vya volti 100. Vya Marekani ni volti 120 na hezi 60. Ukichomeka chombo cha Japan moja kwa moja ukutani Nairobi au Mwanza, kinaungua palepale. Kinahitaji transfoma ya kupunguza umeme, na transfoma hiyo ina bei na uzito wake, mambo ambayo lazima yaingie katika hesabu yako kabla hujakubaliana na muuzaji. Baadhi ya vyombo vina swichi nyuma ya kuchagua volti. Hakikisha imewekwa mahali pake kabla ya kuwasha.

Hezi nazo zina maana. Mashine ya santuri ambayo mota yake hufuata hezi za umeme, ikiwa imeundiwa hezi 60 na ukaitumia kwenye hezi 50, itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita. Transfoma ya kupunguza volti haibadilishi hezi, hivyo haitaponya ugonjwa huo.

Kwa upande wa redio, angalia masafa. Redio nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japan husikia FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni zetu hurusha kati ya 87.5 na 108. Wenye magari kutoka Japan wanaijua vizuri adha hii. Redio kama hiyo si mbovu, lakini mnunuzi wa Kigali atakayekosa stesheni zake atakwambia ni mbovu. Ni vyema umweleze mapema.

Usisahau plagi. Kenya, Uganda na Tanzania plagi ya pini tatu za bapa ni ya kawaida. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia sana pini mbili za duara. Ukikuta waya wa chombo umekatwa na kuunganishwa kwa gundi ya plastiki, jua kimeshahama nchi zaidi ya mara moja, na uliza ni nani alikiunganisha.

Nyumba ya pwani

Chombo kilichoishi karibu na bahari, iwe ni Tanga, Mombasa, Unguja au Muscat, huumwa na chumvi na unyevu. Adui hawa hawaonekani mbele ya chombo kwa sababu muuzaji huwa ameshapafuta. Tazama nyuma. Skrubu zimeota kutu? Soketi za kuchomekea spika zimeshika rangi ya kijani? Chuma cha transfoma, ukikichungulia kwa tochi kupitia matundu ya juu, kina vipele vya kutu?

Kutu ya skrubu peke yake si hukumu ya kifo. Ni dalili ya kukutuma upime swichi na soketi. Zungusha kila nobu taratibu huku muziki ukicheza kwa sauti ya chini. Ikikwaruza mara chache kisha ikatulia, ni uchafu na dawa ya kusafishia itaponya. Ikikata sauti kabisa mahali fulani kila unapopita hapo, sehemu hiyo imelika na itahitaji kubadilishwa.

Mbao za spika nazo zikague. Spika nyingi zimeundwa kwa mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Zikinywa unyevu huvimba upande wa chini, na pembe hufunguka. Pitisha kiganja chini ya boksi. Ukihisi mawimbi, spika hiyo ilisimama kwenye sakafu yenye maji.

Nyumba ya mvutaji na ya mgahawa

Moshi wa sigara huacha utando wa rangi ya kahawia unaonata, nao hukamata vumbi. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo, futa ndani ya tundu la hewa au nyuma ya nobu. Kikitoka cha njano na chenye harufu, umeshapata jibu. Katika mashine za CD utando huo hufunika lenzi, na mashine huanza kuruka au kukataa diski. Kusafisha lenzi mara nyingi husaidia, hivyo hii ni sababu ya kushusha bei na si lazima kuacha mzigo.

Chombo cha mgahawani kina shida kubwa zaidi kwa sababu mafuta ya kukaangia huchanganyika na vumbi na kuwa kama lami. Mabati ya kupoozea joto yakifunikwa na lami hiyo hayapoi. Zaidi ya hapo, chakula na joto huita mende. Mende hupenda kukaa ndani ya redio na amplifaya, na kinyesi chao hula njia nyembamba za shaba kwenye bodi. Chombo chenye harufu ya mende au vimelea vyeusi kwenye matundu kikatae, au kinunue kwa bei ya vipuri tu. Msafirishaji naye ajihadhari, kwa sababu boksi moja lenye mende likikaa siku tatu kwenye gari linaweza kuambukiza mzigo mzima.

Baa, ukumbi na bendi

Vyombo vya ukumbini vina nguvu na majina makubwa, na ndivyo vinavyotafutwa. Pia ndivyo vilivyoteswa kuliko vyote. Alama ya kwanza ni harufu. Weka pua karibu na spika, mbele ya koni au kwenye tundu la boksi. Harufu ya kuungua kama ya waya uliochomwa ina maana koili ya ndani iliwahi kupashwa moto kupita kiasi.

Kisha weka vidole vya mikono miwili kwenye koni, pande zote kwa usawa, usukume taratibu sana. Iingie na kurudi bila sauti. Ukisikia msuguano kama wa msasa, koili inagusa sumaku. Tazama pia ukingo wa koni. Ukingo wa sponji huoza kwa umri, na hasa kwenye joto na unyevu, mpaka unamomonyoka kwa kidole kama keki kavu. Ukingo wa mpira au wa kitambaa hudumu zaidi. Twita ndogo za juu zijaribu moja moja kwa kuweka sikio karibu, kwa sababu nyingi hufa bila mwenye chombo kujua, wufa ikiendelea kunguruma.

Kwenye amplifaya ya ukumbi, toa fyuzi uisome. Kibao kikisema fyuzi ya ampea 5 na ndani umekuta ya 15, au umekuta waya umesokotwa badala ya fyuzi, kuna mtu alichoka kubadilisha fyuzi akaamua kuunyamazisha ugonjwa. Ugonjwa huo bado umo ndani na utaununua wewe.

Kanisani, msikitini na shuleni

Vyombo vya nyumba za ibada na shule mara nyingi huwa ununuzi mzuri. Huwashwa saa chache kwa wiki na hutunzwa na kamati. Kasoro yake ni kwamba huguswa na mikono mingi. Soketi za maiki hulegea, na njia moja au mbili za miksa huwa zimekufa huku nyingine zikiwa nzima. Jaribu kila njia kwa maiki moja, moja baada ya nyingine, hata kama ni 16.

Kuna jambo lingine la kuangalia hapa. Amplifaya nyingi za aina hii na spika zake za tarumbeta hufanya kazi kwa mfumo wa laini ya volti 70 au 100, ili sauti isafiri mbali kwa waya mwembamba. Spika hizo zina transfoma ndogo ndani na haziendani na amplifaya ya kawaida ya nyumbani. Mnunuzi akidhani ni spika za sebuleni, atapata sauti dhaifu na kukulaumu. Spika za tarumbeta zilizokaa juu ya mnara kwa miaka zikague kwa maji: zigeuze na uzitikise kabla ya kulipa.

Redio iliyotoka kwenye gari

Redio na amplifaya za daladala na matatu zimekula vumbi na mtikisiko. Ulehemu wa ndani hupasuka, sauti ikawa inakuja na kupotea. Njia ya kuipima ni kugonga boksi kwa kidole huku inacheza. Sauti ikikatika, kuna muungano uliolegea. Kumbuka pia kwamba redio ya gari dogo ni ya volti 12. Malori mengi na mabasi makubwa ni ya volti 24. Madereva wanaonunua redio kwa matumizi ya safari wasiunganishe bila kifaa cha kushusha volti.

Stoo ya mzee

Maneno yanayowavutia wanunuzi wengi ni haya: "Ilikuwa ya mzee, haikutumika miaka 10, imekaa stoo." Wengi husikia habari njema. Kwa kweli kukaa kimya muda mrefu nako ni ugonjwa. Mikanda ya mpira ndani ya deki ya kaseti hulegea au kuyeyuka ikawa kama lami. Kapasita zisizopata umeme kwa miaka hudhoofika, na nyingine hushindwa saa ya kwanza ya kuwashwa. Betri zilizoachwa ndani ya redio huvuja na kula vyuma, hivyo fungua mlango wa betri kabla ya jambo lolote. Panya hutafuna waya, na mkojo wao huozesha bodi.

Chombo cha stoo kinaweza kuwa kizuri kuliko vyote mkishaelewana na fundi, kwa sababu koni, nobu na sura yake mara nyingi ni kama vipya. Lakini kipigie hesabu ya matengenezo, wala usikiuze kama kilivyo kwa mtu aliye nchi nyingine.

Maswali matano ya kumuuliza muuzaji

Kwanza, kilikaa chumba gani? Pili, mara ya mwisho kiliwashwa lini na kwa muda gani? Tatu, kilikuwa kimeunganishwa na spika au amplifaya gani? Nne, nani alikifungua mara ya mwisho, na kwa nini? Tano, kwa nini kinauzwa?

Kisha linganisha majibu na chombo chenyewe. Akisema hakijawahi kufunguliwa na vichwa vya skrubu vimechanika, amekwambia habari zake pia. Ukikuta skrubu za aina mbili tofauti, mtu alishaingia.

Wachuuzi wa kontena mara nyingi hawajui nyumba ya kwanza. Hapo acha chombo kijieleze: harufu, kutu, rangi iliyofifishwa na jua upande mmoja, stika ya duka, shule au ukumbi.

Vipimo vya dakika 30

Washa chombo kwa sauti ya chini, kisha ya wastani, kwa nusu saa nzima. Magonjwa mengi ya joto hayaonekani dakika mbili za mwanzo. Baada ya hapo gusa bati la juu pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa moto sana na mwingine baridi, ulizia.

Ukiwa na mita, pima spika iliyochomolewa: spika ya omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7. Ikisoma sifuri imeshikana, isiposoma kitu koili imekatika. Kwenye amplifaya iliyowashwa bila muziki wala spika, pima umeme wa moja kwa moja katika soketi za spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikizidi 100, mwite fundi kwanza, kwa sababu hitilafu hiyo ikikua inaweza kuchoma spika. Usifungue amplifaya na kugusa ndani, hata ikiwa imechomolewa, kwa vile kapasita kubwa hubaki na umeme.

Ugonjwa wa nyumbani na jeraha la njiani

Hapa ndipo wasafirishaji wanapaswa kusoma kwa makini, kwa sababu mara nyingi wao ndio hubebeshwa lawama. Kutu haioti kwa safari ya siku tatu. Sponji haiozi kati ya Dar es Salaam na Kigali. Lami ya mgahawa, mikanda iliyoyeyuka na lenzi yenye utando wa moshi ni magonjwa ya nyumbani.

Jeraha la njiani lina sura nyingine. Plastiki iliyovunjika huwa na ukingo msafi. Ufa wenye vumbi ndani yake ni wa zamani. Transfoma iliyong'oka huacha matundu ya skrubu yanayong'aa, na bodi hupasuka karibu nayo. Spika inayosugua ikiwa na harufu ya kuungua ilichomwa ukumbini. Ikisugua bila harufu, huku pembe ya boksi imebonyea upya, huenda iliangushwa na sumaku ikahama.

Ili kuepuka ugomvi, chombo kiwashwe mbele ya anayekipokea, kipigwe picha za simu mbele, nyuma na kwenye namba yake, na kasoro zote ziandikwe kwenye risiti ya mzigo. Amplifaya ilale chini, upande wenye transfoma ukiwa umekaa imara. Mkono wa mashine ya santuri ufungwe. Spika zipakiwe koni zikitazamana, katikati kukiwa na kadibodi. Mzigo uliotoka nyanda za baridi ukifika kwenye joto la pwani, usiwashwe mara moja. Uachwe saa kadhaa umande wa ndani ukauke.

Mpakani

Mfumo rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaohusu mizigo ya thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Amplifaya iliyotengenezwa Japan au Uingereza haiwi ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa Kariakoo. Tunza risiti na nyaraka za ushuru wa kwanza, na uongee na wakala wa forodha kabla ya kufika mpakani.

Aidha, tangu Januari 1, 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za umeme zinazovuka mipaka zipate kwanza idhini ya nchi zinakokwenda. Kwa hiyo tofauti kati ya "chombo kilichotumika" na "taka" sasa ni jambo la kisheria. Karatasi fupi inayoeleza kila chombo, namba yake, tarehe kilipopimwa na kwamba kinafanya kazi ni kinga nzuri kwa mwenye mzigo na kwa dereva. Vibovu vya kutoa vipuri usivichanganye na vizima katika orodha moja.

Mnunuzi wako aliye ng'ambo ya mpaka hawezi kuja kunusa spika wala kuchungulia skrubu. Anategemea macho yako. Mwandikie kwenye risiti chombo kilikotoka na kasoro ulizoziona, hata kama bei itashuka kidogo. Akiupokea mzigo kama ulivyomweleza, safari ijayo atatuma fedha kabla hujapakia.